Legal Aid Uingereza: piga hesabu ya kipato na kodi ya nyumba mwenyewe kabla hujaambiwa hufai

Ndugu zangu mlioko England na Wales, hii nimeiandika ndefu makusudi, kwa sababu kila wiki nakutana na mtu ana kesi ya kweli kabisa, anafukuzwa kwenye nyumba au anapigwa na mume au dari linavuja na watoto wanakohoa, ukimuuliza umeomba Legal Aid anakujibu "mi nafanya kazi, sistahili". Nani kakwambia? Rafiki. Na huyo rafiki naye kaambiwa na nani, hamna anayejua. Watu wanajiondoa wenyewe kabla hata ya kushika kalamu na hilo linaniuma, maana msaada huu wa mawakili unaolipwa na serikali una hesabu zake, zimeandikwa, na ukizifuata moja moja unajua umo au haumo. Mimi ni mkalimani, nakaa na watu na mawakili wao, hizi hesabu nimeshaziona zikipigwa mara nyingi, na nimeshaziona zikipigwa vibaya pia.

Scotland na Northern Ireland wana mifumo yao tofauti, haya ya hapa chini hayawahusu.

Na kabla ya yote, wale wenye viza iliyoandikwa no recourse to public funds (yani huruhusiwi kuchukua benefiti za serikali), nisikilizeni vizuri: Legal Aid haimo kwenye orodha ya hizo public funds. Kuiomba hakuvunji masharti ya viza yako. Najua wangapi wameogopa hili, wengine wamekaa kimya mpaka wametolewa vitu nje.

Kwanza, kesi yako imo?

Usianze na mshahara, anza na kesi, kwa sababu tangu Aprili 2013 ilipoanza kutumika ile sheria ya 2012 (watu wa kazi hii wanaiita LASPO) mambo mengi yalitolewa. Yaliyobaki ni kama haya: kuomba ukimbizi, kuzuiliwa na uhamiaji, kufukuzwa kwenye nyumba, kukosa makazi, nyumba mbovu kiasi cha kuhatarisha afya yako, ubaguzi, kesi za kaunsili (serikali ya mtaa) kutaka kuchukua watoto, elimu ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, unyanyasaji wa nyumbani. Talaka na ugomvi wa watoto baina ya wazazi haumo, isipokuwa una ushahidi wa unyanyasaji, barua ya daktari wako au ya polisi au ya shirika lililokusaidia, kuna orodha ya vinavyokubalika, wakili anayo. Viza za familia za kawaida nazo hazimo. Hapo kuna mlango mwingine mdogo unaitwa Exceptional Case Funding, kwa kesi ambazo bila wakili haki zako za binadamu zingevunjwa, na unaweza kuomba hata wewe mwenyewe bila wakili, ila hesabu ya kipato inabaki ile ile.

Alafu kuna kesi ambazo hesabu ya kipato haiulizwi kabisa. Mzazi ambaye kaunsili imempeleka mahakamani kumnyang'anya mtoto, haulizwi mshahara. Mgonjwa aliyelazwa kwa lazima hospitali ya akili akakata rufaa kwenye baraza, haulizwi. Na hii ya tatu ishikeni: tangu Agosti 2023 kuna huduma inaitwa Housing Loss Prevention Advice Service, ukishapata karatasi ya maandishi kwamba mwenye nyumba anataka nyumba yake, unapata ushauri wa wakili bure, na siku ya kesi kuna wakili wa zamu pale pale mahakamani, uwe unalipwa pauni elfu moja au elfu tano. Kwahiyo mtu wa kufukuzwa nyumba asijisumbue na hesabu kwa hatua hii, aende na karatasi yake leo leo.

Pili, una benefiti zinazokupitisha moja kwa moja?

Kama unapata Universal Credit (benefiti kuu ya wenye kipato kidogo), hata kama ni pauni chache tu mwezini, upande wa kipato umeshapita, hawapigi hesabu ya mshahara wako. Hali kadhalika Income Support, JSA (ya wanaotafuta kazi) na ESA (ya wagonjwa) zile zinazoangalia kipato, kwa ambao bado wanazipata, na Guarantee Credit ya wazee. Walio kwenye msaada wa waomba ukimbizi, ule wa section 95 au section 4, wanapita pia kwa kesi zao za ukimbizi na uhamiaji.

Kwahiyo kama una haki ya kuomba Universal Credit na hujaomba kwa sababu unaona utapata kidogo, hicho kidogo ndo ufunguo. Lakini inakupitisha kwenye kipato tu, akiba bado wanaangalia. Mtu anaweza kuwa na Universal Credit na £9,000 benki akakataliwa.

Tatu, mshahara mzima kabla ya makato

Huu mstari ni rahisi. Jumla ya kinachoingia kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato isizidi £2,657. Ukizidi hapo, basi, kwa kesi za kawaida hesabu imeishia hapo, ila ukiwa na watoto zaidi ya wanne wanakuongezea £222 kwa kila mtoto kuanzia wa tano. Na anayeomba amri ya mahakama ya kumlinda na mnyanyasaji, kikomo cha juu kinaweza kuondolewa, anaweza tu kuambiwa achangie, kwahiyo dada yangu usijizuie kwa sababu ya mshahara.

Mwezi unaohesabiwa ni mwezi mmoja wa kalenda unaoishia siku unayoomba. Wale wa ovataimu za Desemba mnanielewa. Sikwambii ufiche kitu, nakwambia muulize wakili tarehe gani anaiweka na miezi gani slipu zinaonyesha hali yako ya kawaida.

Kipato cha mume au mke au mwenza mnayeishi naye kinajumlishwa na chako. Isipokuwa yeye ndo unayeshtakiana naye, hapo chake hakihesabiwi, mali yake na mshahara wake vinawekwa pembeni. Nimeona mwanamke kakimbia nyumba yake na begi moja anaulizwa na mtu wa mapokezi mume anapata kiasi gani. Ukiulizwa hivyo sema mume ndo upande wa pili wa kesi.

Nne, kinachobaki mkononi, na hapa ndo penye kazi

Kwenye kipato unatoa vitu fulani, kinachobaki kisizidi £733 kwa mwezi. Vinavyotolewa ni kodi ya mapato na National Insurance (makato ya bima ya taifa), £45 kwa kila aliyeajiriwa, kodi ya nyumba au malipo ya mkopo wa nyumba, gharama ya kulelewa mtoto unapokuwa kazini, kiasi maalumu kwa ajili ya mwenza na kila mtoto unayeishi naye (tarakimu zake hubadilishwa kila Aprili, kwa mtoto mmoja ni zaidi ya £300 kwa mwezi), na pesa unazotoa kumtunza mtu wako asiyeishi nawe.

Visivyotolewa: council tax (kodi ya kaunsili), umeme, gesi, maji, simu, nauli, kadi za mkopo, deni la gari. Inauma, najua, ila usipoteze muda kuvipanga. Vingine hata havihesabiwi kama kipato, mfano PIP na DLA (benefiti za wenye ulemavu), hizo ziache nje kabisa. Child Benefit inahesabiwa. Housing Benefit kama unapata, inapunguzwa kwenye kodi ya nyumba, yani kinachotolewa ni kile unachoongezea mfukoni mwako.

Sasa kikomo cha nyumba. Ukiwa peke yako, hamna mwenza wala mtoto au mtegemezi unayeishi naye, kodi ya nyumba inayokubalika kutolewa haizidi £545 kwa mwezi. Unalipa £800, wanaandika £545. Unalipa £1,100, wanaandika £545. Ni nani leo London anapata hata chumba chenye nafasi ya kugeuka kwa £545? Mimi naona hiki kikomo ndo kinachowatupa nje watu wengi wa kwetu, kwa sababu wengi wanakuja peke yao, familia imebaki nyumbani, na wanalipa kodi nzima. Serikali yenyewe Mei 2023 ilisema itakiondoa na kupandisha vikomo vingine, kwahiyo siku unayoomba muulize wakili kama tarakimu zimeshabadilika, ila usikae kusubiri.

Ukiwa na mtoto au mwenza ndani ya nyumba, £545 haikuhusu, inatolewa kodi yote unayolipa.

Nikuonyeshe kwa mtu. Kijana mmoja anafanya kazi ya kulea wazee, viza yake hairuhusu benefiti, alikuja kwangu jioni na slipu zake kwenye mfuko wa plastiki wa dukani zimekunjwa nne nne. Chumba chake kina kuvu mpaka kwenye godoro, kifua kinambana, mwenye nyumba hataki kusikia, na ofisi moja ya mawakili ilishamwambia kipato kimezidi. "Anti, walishapiga hesabu, sifai." Nikamwambia kaa, tupige tena. Tarakimu nimezifanya za duara kidogo ili mfuate:

Mshahara mzima £1,600. Kodi ya mapato karibu £110, National Insurance karibu £45, inabaki £1,445. Toa £45 ya ajira, £1,400. Kodi ya chumba analipa £800, kama ingetolewa yote ingebaki £600 na angepita bila maneno. Lakini yuko peke yake, kwahiyo inatolewa £545 tu, inabaki £855. Kikomo £733. Kazidi kwa £122, na ile ofisi ndo iliishia hapo.

Nikamuuliza, mama yako Tanga unamtumia ngapi? Akanyamaza kidogo kama nimemuuliza siri. £150 kila mwezi, hajaruka hata mwezi mmoja tangu afike, ya dawa za presha na chakula. Hakuna aliyemuuliza na yeye hakusema, kwa sababu kwetu kumtunza mama huwa husemi, na wala haingii akilini kwamba ni kitu cha kuandika kwenye fomu ya serikali ya Uingereza. Lakini kanuni za 2013 zinasema wazi: malipo unayotoa mara kwa mara kumtunza mtalaka wako, mtoto au ndugu asiyekaa nyumbani kwako, yanatolewa kwa kiasi kinachofaa. £855 toa £150 ni £705. Kapita.

Jamani hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. Wengi wetu tunatuma. Kuna anayemlipia mtoto ada Mombasa, kuna anayemtunza bibi Bujumbura, na hakuna anayeitaja. Itajeni. Ila masharti mawili: iwe ya kila mara, sio ulituma mara moja msiba ulipotokea, na iwe na ushahidi. Kama unatuma kwa kumpa mtu anayesafiri bahasha mkononi, huna cha kuonyesha. Anza kutuma kwa njia yenye risiti, alafu chapisha orodha ya miezi mitatu au sita, na andika pembeni nani ni nani: huyu mama, huyu mwanangu. Majina ya kwenye risiti mara nyingi ni ya shemeji mwenye simu ndo anayepokea, basi eleza hilo mapema kwa maandishi. Na kiasi kiwe kinachofaa kweli, mtu wa £1,600 akisema anatuma £700 wataona haiwezekani, na watakuwa sahihi.

Mwenzake mwenye mshahara ule ule na kodi ile ile ya £800 lakini anaishi na mtoto wake mmoja hapa, hesabu yake: £1,400 toa £800 ni £600, toa zaidi ya £300 ya mtoto, anabaki chini ya £300. Huyo kapita mbali, hata kabla hajataja gharama za kumlea mtoto akiwa kazini.

Upande wa ushahidi wa nyumba, wanaolipa chumba kwa keshi bila mkataba mna kazi. Ukisema unalipa £600 na hakuna karatasi wala stetimenti inayoonyesha, wakili hawezi kuandika. Hamia kulipa kwa benki mwezi huu huu, au omba mwenye chumba akuandikie barua yenye anuani, kiasi na saini.

Tano, akiba na mali

Kikomo ni £8,000, kwa baadhi ya rufaa za uhamiaji ni £3,000 tu. Hii ni pesa ya benki, keshi, pesa ya kwenye simu, na mali, popote ilipo duniani. Kiwanja cha Kigamboni kimo. Nyumba uliyojenga Kisumu imo. Watu wanadhani cha nyumbani hakionekani, lakini unasaini tamko kwamba umesema kweli, na uongo hapo unaweza kukufikisha mahakamani ukiwa mshtakiwa. Taja, alafu eleza: kiwanja ni cha ukoo, mko ndugu watano, hakina hati, hakiuziki. Mwaka 2020 mahakama kuu ya hapa iliamua kwamba mtu asihesabiwe mali ambayo kiukweli hawezi kuigusa, ilikuwa kesi ya mwanamke aliyekimbia unyanyasaji na nyumba imekwama na mwenza wake. Kwahiyo maelezo yana maana, usiandike sifuri wala usiandike thamani kimya kimya.

Nyumba unayoishi hapa kama ni yako: chukua thamani yake, toa mkopo wote uliobaki, alafu toa £100,000. Nyumba ya £250,000 yenye mkopo wa £170,000 inaacha £80,000, toa £100,000, hamna kitu cha kuhesabu. Ukiwa na miaka 60 au zaidi na kipato cha kubaki kisichozidi £315 kuna punguzo jingine la akiba, litaje.

Na wanaocheza mchezo wa pesa (upatu). Ukiwa kijumbe na michango ya wenzako kumi inapitia akaunti yako, stetimenti itaonyesha £5,000 imeingia na wao wataiona kama yako. Andika orodha ya wanachama na zamu zao, wenzako wasaini, iambatanishe.

Sita, bure kabisa au unachangia?

Ushauri wa mwanzo, barua, mazungumzo na mwenye nyumba, ile hatua inayoitwa Legal Help, huchangii kitu ukishapita. Kesi ikienda mahakamani ukawakilishwa, kipato cha kubaki kikizidi £315 unachangia kila mwezi, na akiba iliyozidi £3,000 wanaichukua ile ya juu yake. Yule kijana wetu wa £705 angeambiwa achangie karibu £184 kwa mwezi kama kesi yake ingefika huko, sio kidogo, kwahiyo uliza mapema usije ukashtuka kwenye barua. Pia ukishinda pesa au nyumba, gharama za wakili zinaweza kukatwa humo, muulize wakili akueleze hili kwa kesi yako.

Kwenda sasa

Beba slipu za mshahara, stetimenti za benki za miezi mitatu za akaunti zote hata ile yenye pauni mbili, mkataba wa nyumba, barua ya Universal Credit kama ipo, risiti za kutuma nyumbani, na karatasi za kesi. Pesa yoyote iliyoingia kutoka kwa rafiki, andika pembeni kwa kalamu ni ya nini.

Wakili mtafute kwenye tovuti ya serikali ya gov.uk, kuna sehemu unaweka postikodi inakupa walio na mkataba wa Legal Aid, sio kila wakili anao na wengine watakupokea tu ili ulipe. Au piga Civil Legal Advice 0345 345 4345, ukifika sema "Swahili", watakuwekea mkalimani bure, usimtumie mtoto wako wa darasa la tano kutafsiri mambo ya mama yake kupigwa.

Ukikataliwa, uliza nani kakataa. Kwenye Legal Help anayepiga hesabu ni ofisi ya wakili yenyewe, sio serikali, kwahiyo akikosea unaweza kwenda ofisi nyingine na hesabu yako mkononi. Ikiwa ni uwakilishi mahakamani, anayekataa ni Legal Aid Agency kwa barua, na unaweza kuomba waipitie upya, barua yenyewe itakuwa na muda wa mwisho, ufungue siku inapofika.

Yule kijana tulimwandikia hesabu yake kwenye karatasi moja, mistari sita, risiti za Tanga zimebanwa nyuma, akaenda ofisi ya pili. Walimfungulia faili siku hiyo hiyo.